Gogo Nyuma ya Kona

Mpendwa mshauri Mama Clémence, naomba msaada, ingawa mke wangu anasema mimi sihitaji msaada, nahitaji kofi, na kama ni kweli nawe uniambie. Jina langu ni Rosaire Daigle, liandike lote, usinifiche kwa herufi mbili kama wale wanaokuandikia habari za vitanda vyao, mimi sijalala na mke wa mtu, mimi nimefunga njia tu.

Shamba langu liko nyuma ya kanisa la Sainte-Olive, na njia ya pikipiki za theluji inapita katikati yake tangu nilipopeana mkono na mwenyekiti wa kwanza wa klabu, bila karatasi, bila senti, maana ndivyo tunavyoishi huku juu, wewe unatoa ardhi, wao wanatoa Jumamosi zao kufyeka matawi na kugonga madaraja na kulaza theluji kwa trekta lao, na kila Februari wanawaita wenye mashamba ukumbini wale nyama ya nguruwe na maharage na wapigiwe makofi. Sina neno na hilo. Mimi mwenyewe niliendesha mpaka goti likakataa.

Lakini kando ya njia, pale kwenye kona, nimepanda misonobari ya Krismasi, sasa imenifika kiunoni, na theluji ikishajaa vinabaki vichwa tu, na kuna watu ambao kona ile wanaiona ndefu kuliko akili zao, basi wanakata katikati ya miti yangu, mashine inavunja vilele, na msonobari usio na kilele, Mama, nyota utaiweka wapi? Hakuna anayeununua. Huo ni chakula cha mbuzi, na mbuzi sina.

Mwenyekiti wa sasa ni Normand Voisine, kaka wa mke wangu, kwa hiyo nikamwambia palepale kwenye chakula, mbele ya watu, kwa adabu zangu zote, ambazo najua si nyingi.

"Shemeji, watu wako wananivunjia miti."

"Watu wangu? Hao wageni wa kusini, shemeji. Wanachama wetu ni watakatifu."

"Tangu lini watakatifu wanabandika nembo ya klabu yako kwenye mashine? Nimewaona kwa macho yangu!"

"Na macho yako umeyapima lini? Miti itaota tena, Rosaire. Kula maharage, ukimaliza utapewa kofia."

Ukumbi wote ukacheka, hata padri nilimwona, mdomo umejaa. Na kofia nikapewa kweli, ya kijani, imeandikwa asante. Asante! Kwa lipi, kwa kuwa zulia lao?

Kesho yake nikachukua trekta nikaburuta gogo la mwerezi nikalilaza kukingama njia nzima, na nikaliweka nyuma ya kona kabisa, si kabla yake, kwa sababu mimi si mjinga, wakiliona mapema watalikwepa kwa kupita ndani ya miti ileile, sasa hawalioni mpaka wamelifikia. Wamepata walichotafuta. Jumamosi alipita mwalimu wetu, Lucille Pinette, akafunga breki, mashine ikapanda gogo, yeye akaruka juu kidogo akatua kwenye theluji laini kama kijiko kwenye uji, kikavunjika kioo cha mbele tu, akainuka mwenyewe akanitukana kwa Kifaransa cha bibi yangu, nilifurahi kukisikia, siku hizi watoto hawakijui. Hakuumia. Sasa kijiji kizima kinanuna. Mke wangu Alphonsine anajipikia ploye zake, vile vichapati vyetu vya huku, anazipaka siagi mbele yangu, anakunja, anakula, ananiambia, "Zako ziko chini ya gogo, kazifuate."

Swali langu ni moja: mimi ndiye niliyedharauliwa, mbona kila mtu anataka niombe radhi mimi? Nani aanze, mimi au Normand? Amua wewe, ila uamue vizuri.

Rosaire Daigle, Sainte-Olive, Maine


MAMA CLÉMENCE ANAJIBU

Mzee Rosaire, nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka kwenye maharage. Nilipofika kwenye gogo nikaacha kucheka, na mpaka sasa sijaanza tena.

Unaniuliza nani aanze kuomba radhi, huku umetega mtego wa kuua watu nyuma ya kona! Na unajisifu kwamba hawalioni! "Akaruka juu kidogo." Lucille alianguka upande wenye theluji laini kwa bahati, si kwa hesabu zako. Upande wa pili wa njia hiyo kuna mawe, nimeambiwa, nawe unayajua, shamba ni lako. Ungesimama makaburini ukawaeleza watoto wake habari za nyota ya Krismasi?

Na sasa nikuungamie jambo, maana utalisikia tu. Barua za safu hii ni siri, na sijawahi kutoboa hata moja. Yako nimeitoboa. Ilinifikia Jumanne asubuhi, gazeti linatoka Ijumaa, na mimi sikuwa tayari kungoja Ijumaa. Nilimpigia simu Normand. Wale wanaume waliokuja na misumeno kukata gogo, uliowarushia matusi kutoka barazani, ni mimi niliyewatuma. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi, nina mabega mapana.

Lakini usidhani shemeji yako nimembembeleza. Nilimwuliza, "Mwenyekiti, tangu mzee huyu akuambie, umekwenda kuitazama hiyo miti?" Hata mara moja hajakwenda. Bwana mzima, anatembea juu ya ardhi ya mtu bure, anaambiwa kuna uharibifu, anajibu kwa kofia! Klabu yenu inaishi kwa ruhusa za watu kama wewe. Mkiudhika watano tu mfululizo, hakuna njia, hakuna wageni, wala chai haitauzika Sainte-Olive. Nilimwambia hayo kwa sauti kubwa hata mume wangu akatoka kwenye chumba kingine kuja kuuliza nani amekufa.

Jioni akanipigia yeye. Akasema, "Mama, nimekata gogo, halafu nimeingia kwenye ile miti. Nilifikiri ni vichaka." Nikamwambia, vizuri, sasa kamwambie mwenyewe aliyeipanda.

Basi sikiliza, nami sirudii. Lucille kwanza, kabla ya shemeji yeyote. Utakwenda kwake leo, kwa miguu, goti na likatae, utamlipa kioo chake, na utasimama mlangoni umwambie "nimekosa" bila kuongeza "lakini." Akikutukana tena kwa Kifaransa, usifurahi.

Kisha njia yako ifunge. Ndiyo, ifunge! Ardhi ni yako na haki ni yako. Ila funga kama mtu mwenye shamba, si kama mwizi wa porini: uiarifu klabu, na ubao mkubwa wenye rangi ya machungwa usimame mwanzoni mwa shamba, upande huu na upande ule, mtu auone toka mbali ageuze mashine kwa amani. Usiifungue njia mpaka klabu izungushie uzio miti yako yote, kwa mikono yao na mbao zao, na mpaka mwenye nembo aliyekata kona atajwe na kufukuzwa mbele ya watu walewale waliocheka, padri akiwemo.

Normand atakuja Jumapili baada ya misa. Usimkaribishe jikoni, usimpe kahawa, na wala usimtanie, najua ulimi umeshakuwasha. Mtoe nje, mpeleke mpaka kwenye ile misonobari, umwache ainame mti kwa mti, atafute kilele kwa mkono wake. Nawe nyamaza. Akifika mti wa mwisho, radhi itakuwa imeshamtoka bila wewe kuiomba.