Nguruwe Wasioshiba

Misunkumilo, Mpanda
14 Machi 1998

Kwako dada Capitoline,

Pokea salamu zangu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo huko Tabora? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaoumwa. Barua hii ikichelewa, laumu mvua za El Nino. Hata treni siku hizi inakuja inapojisikia.

Unamkumbuka Bwana Nashon, mtaalamu wa mifugo kutoka Sumbawanga, aliyechagua nguruwe wetu kumi kwa jaribio lake? Alinieleza kwamba tumboni mwa nguruwe mna homoni inayoupa ubongo habari kuwa chakula kimetosha. Sindano yake inaufundisha mwili kuipiga vita homoni hiyo, ili nguruwe achelewe kushiba, ale zaidi, akue upesi. Watano walidungwa dawa yenyewe, watano wakadungwa maji tu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vihori vyao vya chakula havikauki, kupima wanachokula, na kuandika daftarini. Akaniahidi nikimaliza bila kuruka hata siku moja, atanitafutia nafasi chuo cha mifugo. Unajua nilivyoililia shule.

Basi dada, wale watano walikula. Nyie mnaosema nguruwe wote ni walafi hamjaona kitu. Wenzao wakienda kulala matopeni, wao bado vichwa vimo kihorini. Nilifurahi kama mjinga.

Januari lori la chakula chao likashindwa kuvuka mto. Bwana Nashon alikuwa amenionya kwamba kihori kikikauka siku moja tu, jaribio limekufa. Nikamwendea mama, nikamwomba mahindi ya stoo kwa wiki moja. Alifungua fundo la khanga akanipa ufunguo, akasema shule ya mwanawe haiwezi kufa kwa sababu ya mahindi. Wiki moja ikawa saba. Hakuuomba tena ule ufunguo.

Kila jioni aliniletea ugali, na nikimkaribisha alisema ameshakula. Kwetu mama hula jikoni, wa mwisho, na mtoto wa kiume haendi kufunua sufuria. Desturi hiyo ilinifaa sana, nikajificha humo. Nilipoona khanga inamzunguka mara mbili, nilijiambia ni uzee.

Wiki iliyopita nilikuandikia kwamba mama amelazwa kwa malaria. Nilikudanganya, dada yangu, nisamehe. Alizimia pale kisimani kwa njaa. Daktari aliniuliza mbele ya watu, mara ya mwisho mama huyu alikula lini. Najua kwa gramu alichokula kila nguruwe tangu Novemba, lakini sikujua alichokula mama yangu.

Daftari limekamilika, halina siku iliyorukwa. Nalionea aibu hata kulishika.

Mama anaendelea vizuri kidogo, namshukuru Mungu. Jana nilimpelekea uji wa maziwa. Akanywa nusu kikombe, akanirudishia, akasema yeye ameshiba, huo uliobaki nikawape nguruwe.

Njoo, dada. Mimi akiniambia ameshiba sijui tena kumwamini, na kumbishia nashindwa. Wabusu wajomba zangu wadogo, na umwambie shemeji ukweli wote, usinifichie.

Ni mimi mdogo wako,
Melkior