Usiiache Kemia, Mwanahawa

Kijijini, mbele ya Mwandiga,
Kigoma.

Mdogo wangu mpenzi Mwanahawa,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku ambako reli inafika, inaliona ziwa, inakata tamaa. Habari za Pangani? Macho ya Mama yanaendeleaje? Yale matone aliyopewa hospitali ya Tanga anayatia mwenyewe, au anawagawia majirani kama kawaida yake? Na goti la Shangazi limekubali kukunjwa? Mimi ni mzima. Nimekonda, lakini sura haijaharibika, wanawake wa huku bado wanageuka nikipita. Hapo usimsomee Mama.

Barua yako niliipata. Niliisoma peke yangu kwanza, halafu nikaisoma kwa sauti mashineni mbele ya foleni, maana kijiji hiki kizima hakuna mwingine ambaye mdogo wake wa kike amemaliza kidato cha sita, na nataka wasisahau. Pale uliposema umelia nilipapita haraka.

Nimekuelewa hivi. Umesoma Kemia, Baiolojia na Jiografia, kwa sababu shuleni kwenu hapakuwa na mwalimu wa hesabu za kidato cha tano na sita. Sasa unatakiwa uchague masomo ya Chuo Kikuu, na wale vijana waliosoma hesabu wanakucheka, wanasema sayansi bila hesabu za juu utarudishwa nyumbani kabla hujafungua sanduku. Mjomba naye anataka uchague sheria, kwa kuwa wakili hakosi chakula hata nchi ikikauka. Moyo wako uko kwenye kemia, ila umeogopa. Ukaona uniulize mimi, mtu ambaye darasa la sita lilimtema.

Ungeniuliza kabla ya masika, ningekujibu kwa mstari mmoja: andika uinjinia, mengine niachie mimi. Watu wote wa huku nilishawaambia wewe ni injinia. Wengine wanadhani ile meli ya Kigoma unaitengeneza wewe kwa barua. Lakini yametupata mambo hapa, Mwanahawa, na sina tena mdomo wa kujibu hivyo. Kaa nikueleze.

Unajua kwamba nilipochoka kutia mafuta mashine za meli (nimefika Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, na kote huko nimeacha marafiki na viatu) nilipewa kazi ya kuendesha mashine ya kusaga ya kijiji hiki kipya. Watu wake wamehamishiwa hapa barabarani kwa amri ya serikali kutoka pande mbalimbali. Safu za nyumba za juu ni Waha, wakulima wa tangu zamani. Safu ya chini ni watu wa ziwani, waliotolewa ufukweni huko upande wa Kagunga, na wengi wao mababu walitoka Kongo. Hao kazi yao ni dagaa. Walikuja kwa lori na nyavu zao na taa za karabai, mitumbwi ikabaki mchangani.

Jirani yangu safu ya chini ni Baba Feza. Yeye aliniita Maji Chumvi, mimi nikamwita Maji Baridi, na kila asubuhi tulitukanana kwa furaha. Mkewe ni Mama Feza, na watoto wao ni Feza, msichana wa miaka minane, na mdogo wake Bahati, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno marefu.

Kule ziwani hawa hawakuwahi kutengeneza unga. Walikuwa wanapeleka dagaa soko la Mwanga, pale Kigoma mjini, wanarudi na unga ambao umeshasagwa na mtu mwingine. Huku wakapewa mbegu za muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe pori anaunusa akaondoka, wakaambiwa limeni. Wakalima. Mihogo ikakomaa, na kitu kingine cha kula hakikuwepo. Dagaa hawafiki huku, na wakifika ni wa wenye uwezo.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Waha wanauloweka muhogo mchungu siku nyingi mpaka ulainike na kunuka, ndipo wanauanika. Lakini Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepiga marufuku kuloweka kwenye kijito cha karibu, kwa sababu ndiyo maji ya kunywa. Wanawake wa Kiha wakawa wanabeba mihogo mpaka bonde la mbali. Wanawake wa ziwani wakatazama ule mwendo, wakatazama jua, wakafanya wanachokijua tangu kuzaliwa: wakaufanya muhogo kama dagaa. Waliumenya, wakaukata vipande vyembamba, wakautandaza juu ya mawe, wakaugeuzageuza kwa mikono. Kesho yake umekauka. Makopa meupe, Mwanahawa, meupe kama kanzu ya Idi, hayana harufu yoyote.

Mashineni yalikuwa mashindano. Bibi mmoja wa Kiha alichungulia kapu la Mama Feza, akasema, "Huu haujavunda."

"Sisi hatuli vilivyooza, bibi," Mama Feza akamjibu, na safu ya chini nzima ikacheka.

"Haya. Sisi tumekua kwa hivyo vilivyooza."

"Ndiyo maana unga wako unanukia hivyo."

Bibi naye akacheka. Hakujua zaidi ya hapo. Kwao wanaloweka kwa sababu mama zao waliloweka.

Ikaja miezi ya njaa. Ugali wa muhogo asubuhi, jioni ugali wa muhogo kwa majani ya muhogo. Walisema una uchungu kidogo, wakadhani ni udongo wa huku. Siku moja kabla jua halijazama Bahati alikula, akasema kichwa kinamzunguka, akatapika, akalegea. Baba Feza alimweka mgongoni akakimbia naye kuelekea barabarani kutafuta gari, na mimi nyuma yake na shuka. Gari tulilipata. Mtoto alikata roho tukiwa tunaziona taa za Kigoma. Hatukujua la kufanya, dereva akaendelea mpaka hospitali, kama vile kufika kungesaidia.

Wiki hiyo hiyo wakatapika watoto wa nyumba nyingine, na mmoja wao akazikwa karibu na Bahati. Halafu Feza aliamka asubuhi miguu imekaza. Hakuwa na homa wala maumivu. Akisimama, visigino havigusi chini, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, anashika ukuta. Na wote hao ni wa safu ya chini. Juu kwa Waha hapakuwa na hata mmoja.

Watu wakaanza kutafuta mwenye kosa, wakamwona. Mwenyekiti alikuja mashineni na wazee wawili.

"Ndugu Athumani, zima mashine."

"Imekosa nini?"

"Watu wanasema inatia mafuta kwenye unga."

"Mwenyekiti, jana umekula unga wa mashine hii hii."

"Na tangu asubuhi tumbo langu silielewi. Zima."

Nikazima. Wengine walisema si mafuta, ni majini ya pwani, kwamba Mswahili huyu amekuja na kitu kwenye kisanduku chake. Kisanduku changu, Mwanahawa, ambacho kina picha yako na suruali mbili. Nililicheka hilo, mpaka aliponijia Baba Feza mwenyewe. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Maji Chumvi, niambie kweli. Kuna kitu ulitia?"

"Kaka, ningetia nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Mimi nina jibu la kila mtu, unanijua. Hapo nilimfungulia kisanduku tu, atazame mwenyewe.

Ndipo ikaja Land Rover ya serikali, maana hospitali ilikuwa imepeleka habari. Wazee walijipanga kumpokea bwana mkubwa, akashuka msichana mfupi, amevaa viatu vya raba, jina lake Leokadia. Nikamuuliza, "Dada, mtaalamu mwenyewe yuko wapi?" Akasema, "Ndiye mimi. Shika hizi chupa, usiziangushe." Nikazishika.

Aliomba unga kutoka nyumba za chini na nyumba za juu. Kila unga akautia kwenye chupa yake na maji kidogo, akaning'iniza ndani kipande cha karatasi ya njano, akafunga kizibo, akaweka alama. Akasema tungoje mpaka kesho. Asubuhi kijiji chote kilikuwa pale. Karatasi za Waha zilikuwa njano vile vile. Karatasi za safu ya chini zilikuwa nyekundu kama tofali.

Akaeleza polepole. Sumu haikuingizwa na mtu. Inazaliwa ndani ya muhogo mchungu, na kulowekwa siku nyingi ndiko kunakoitoa. Ukiukata mwembamba na kuukausha upesi kwa jua, unaifungia humo humo. Akasema na jambo ambalo sijalisahau: kwamba mwili unaweza kupigana na sumu hiyo kidogo kidogo ukiwa unapata samaki au nyama. Watu wa ziwani wakatazamana.

Mama Feza akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyekuambia."

"Lakini ni mikono hii."

Leokadia alikwenda akakaa naye chini, mchangani, na hakunyanyuka mpaka dereva wake alipomwita mara ya tatu.

Alikaa kwetu siku kadhaa, chakula alikula kwangu (nilipika mwenyewe, akasema chumvi nyingi, nikamwambia ndiyo jina langu). Nikamtolea habari zako. Nikamuuliza, wewe ulisoma hesabu nyingi sana, sivyo? Akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Za kidato cha tano na sita sikuzigusa. Nilisoma masomo hayo hayo ya mdogo wako."

"Na chuo kikakupokea?"

"Kilinipokea kwa kemia na botania. Mwaka wa kwanza wakatukusanya tulioikosa hesabu, wakatufundisha ile tunayoihitaji. Nililia, kaka. Mtihani mmoja niliurudia. Lakini ni hesabu ya kupima, ya uwiano, ya kujua kama jambo limetokea kwa bahati au lina sababu. Inafundishika."

"Uinjinia je? Maana watu wa hapa wanajua ni injinia."

"Nani amewaambia?"

Nikatazama pembeni.

"Uinjinia na fizikia asiandike," akasema. "Huko hesabu ndiyo lugha yenyewe, atakaa darasani kama bubu. Aandike kemia na baiolojia, au kilimo kule Morogoro. Ila asinisikilize mimi tu. Akiulize chuo chenyewe kila somo linadai nini, maana wanabadilisha. Na asije akidhani ameikimbia hesabu. Itamfuata, na ajiandae tangu sasa."

Nikamuuliza lile lililokuwa linaniwasha. Kwa nini hakuja mapema, hata kwa mwezi mmoja tu? Hakukasirika. Alinionyesha Land Rover kwa kidole. "Tunaofanya kazi hii nchi nzima tunaenea kwenye gari lile," akasema. Kuhusu miguu ya Feza alitikisa kichwa tu.

Basi hilo ndilo jibu langu, mdogo wangu. Sheria ni nzuri na mawakili wapo, na Mjomba nitamwandikia mwenyewe, nitamlainisha. Vijana wanaokucheka waache na hesabu zao, wakajenge madaraja, tunayahitaji. Wewe usiiache kemia. Sikuamrishi. Nakuomba, na unajua nyumbani sijazoea kuomba. Nimekupatia kitabu cha hesabu kwa mwalimu mmoja wa Ujiji, nakituma pamoja na dagaa wa Mama. Nilikifungua katikati nikaona herufi nyingi kuliko namba, nikakifunga kwa heshima. Kianze sasa, taratibu, usingoje chuo. Ukilia, lia na uendelee kusoma, kama alivyofanya mwenzako.

Huku bado ni pagumu. Wamechimba shimo la kulowekea mihogo mbali na kijito, lakini maji ni ya kubeba, na mwenye njaa leo anaambiwa angoje siku nyingi ndipo ale. Wapo wanaoungoja muhogo, wapo wanaoshindwa. Jana nimeona tena makopa juu ya mawe. Nimeyaomba, nikayamwaga, nikampa mwenyewe unga wangu. Kesho sijui nitampa nini. Mashine imefunguliwa. Baba Feza huja, hunisalimu vizuri, ila sasa ananiita Athumani.

Nisalimie Mama, mwambie kaka yako anasali, na huo si uongo siku hizi. Nisalimie Shangazi na goti lake, Mjomba na ushauri wake, na fundi Saidi wa cherehani aliyenishonea suruali ya kwanza ndefu. Watoto wa Dada Mwanaidi wabusu wote, na umwambie asiwape muhogo wasioujua.

Baba Feza naye anakusalimu. Alinikuta naandika, akauliza ni kwa yule injinia? Nikamwambia si injinia, nilisema uongo, ila huenda akawa kama yule dada wa chupa. Feza alikuwa kamshika bega, anajifunza kusimama. Baba yake akauliza utamaliza lini. Nikamwambia kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, halafu chuo, si leo wala si mwaka huu. Akasema, "Mwambie asome, asiharakishe akakosea. Sisi atatukuta. Haturuhusiwi kuhama."

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Athumani wa Mashine