Mota ya Kubeba Kamera

Juba, Alhamisi, 16 Septemba 2010

Jaribio la tatu. Limeshindikana kama mawili ya kwanza. Nimeirusha ndege kwa mkono saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja ulio nyuma ya hoteli ninayokaa. Hakuna upepo. Imekwenda hatua thelathini hivi, pua ikapanda, ikaanguka kwa tumbo. Bila kamera inaruka vizuri. Kamera ina gramu 140. Ndiyo hesabu yote.

Ndege ni ya povu gumu, ya kuongozwa kwa redio. Mzungu mmoja aliniachia alipohama. Ilikuwa mchezo hadi mwezi uliopita, Shangazi Achol alipopigiwa alama nyekundu ya kubomolewa ukutani. Nyumba zote za upande ule wa Gudele zimepigwa. Kamati ya viwanja inasema pale ni pori tupu, patagawiwa wengine. Nilipeleka picha ya nyumba yake. Wakasema nyumba moja si mtaa. Nikapeleka ishirini. Wakasema zinaweza kuwa za popote. Wanakaa Jumanne, tarehe 12 Oktoba. Baada ya hapo hawapokei kitu.

Nataka picha moja kutoka angani: paa zote, barabara, na tangi la maji wanalolijua.

Mhariri wangu Nairobi haitaki habari hii. Anataka kura ya maoni ya Kusini kujitenga tu. Tena ni shangazi yangu, kwa hiyo ana haki ya kukataa. Ndiye ndugu pekee wa baba aliye hai. Nyumba aliijenga baada ya amani ya 2005, chumba kwa chumba.

Jumatatu, 20 Septemba

Kwa Wasswa, fundi wa simu, mtaa wa Hai Amarat. Mganda. Mikono mitulivu, mdomo hautulii. Ameifungua ndege mbele ya wateja.

"Mzee wa habari, hii mota iko ya kukoroga chai. Wewe nabebesha yeye mzigo kama punda."

Wateja wakacheka. Yuko sahihi. Mota ni ya brashi, betri ya nikeli, nzito kama tofali. Tumepima kila kitu kwa mizani ya jikoni ya hoteli. Ndege, betri na kamera: gramu 930. Mota inatoa wati 70, labda. Inahitaji mara mbili na zaidi.

Tumeagiza mota isiyo na brashi, kidhibiti cha kasi, betri ya lithiamu ya seli tatu na chaja yake, rafadha mbili, yaani mapanga ya kusukuma hewa, kubwa na ndogo. Vitakuja kwa basi kutoka Kampala.

Shangazi amepiga simu. Anauliza picha. Nimemwambia bado, nitapiga kutoka juu. Amesema vizuri.

Jumatatu, 27 Septemba

Mzigo umefika. Tumelehemu nyaya tatu. Mota ikazunguka kinyume, ikapuliza upepo mbele. Nilianza kuilaumu Kampala. Wasswa akabadilisha nyaya mbili tu, ikageuka. Nguvu ni nyingi. Ndege imevuta meza.

Jumatano, 29 Septemba

Nimeunguza kidhibiti. Kosa langu. Nilifunga rafadha kubwa bila kupima ampea kwanza. Mota ikavuta kuliko kidhibiti kilivyoweza kupitisha. Sekunde kumi, moshi, harufu ya plastiki. Wasswa amekitazama, akakirudisha mezani. Hakutania. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Kingine Juba hakipo. Kampala tena.

Jumapili, 3 Oktoba

Basi limekwama njiani. Mvua.

Nimekwenda Gudele. Majirani wawili wamekwisha kung'oa mabati yao wenyewe, wasubiri nini. Shangazi anakandika ukuta kwa udongo mpya, juu ya alama. Wekundu unajitokeza. Anakandika tena. Nimekunywa chai, nimeondoka.

Sina matumaini. Naliandika wazi ili nisije nikalipamba baadaye.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kidhibiti kimefika, cha ampea 30. Rafadha ndogo. Safari hii nimepima: ampea 16, karibu wati 170. Betri mpya ni nyepesi, kwa hiyo uzito umerudi mkiani. Nimekata povu kwa wembe, nikaisogeza betri hadi puani. Sasa ndege inakaa sawa juu ya vidole viwili chini ya mabawa.

Jumamosi, 9 Oktoba

Imeruka na kamera. Imepanda kama ngazi. Sauti imebadilika. Ile ya zamani ililia kama mbu, hii inaunguruma, nzito, unaisikia tumboni. Nimeipenda sauti hiyo. Wasswa amesema, "Sasa iko mwanaume."

Jumapili, 10 Oktoba

Gudele, saa kumi alasiri. Niliirusha kutoka kando ya barabara, mbali na nyumba, ili watu wasinizonge. Kamera inapiga yenyewe kila sekunde tano. Dakika tisa hewani. Sikuondoa macho kwenye ndege hata mara moja. Imetua salama. Nimerudi moja kwa moja kuokoa picha kabla jenereta haijazimwa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Picha mia moja na kitu. Nyingi ni mawingu na bawa. Moja ni kamili. Paa arobaini na tatu, barabara, tangi. Moshi wa majiko mawili. Mbuzi. Watu hawaonekani, jua lilikuwa kali. Kwenye mtaro kuna mstari wa rangi nyingi, nguo zimeanikwa.

Nimechapisha nakala tatu. Nina furaha. Naiandika kwa sababu ni nadra.

Jumanne, 12 Oktoba

Tumeshindwa.

Mwenyekiti wa kamati aliishika picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, kwa heshima. "Picha nzuri sana, ustaz. Paa nimeziona. Watu wako wapi?"

Mjumbe mmoja akasema wamekwenda Khartoum. Walicheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alieleza taratibu kwamba watu husimamisha vibanda vya kushikia viwanja, kisha huenda kuishi kwingine. Anaona kila wiki. Hajawahi kuletewa ushahidi safi kama huu. Majiko yanawaka, akasema, wamewalipa watu wawili kuwasha moto. Akaiweka picha kwenye faili lake.

Nje, Shangazi alikuwa amekaa na majirani. Niliwaeleza. Shangazi akauliza, "Ile ndege ya Jumapili ilikuwa yako?"

Nikasema ndiyo.

"Ulisema kutoka juu. Nilidhani utapanda tangi."

Waliisikia kabla ya kuiona. Yeye ndiye wa kwanza kuingia mtaroni, akamvuta mama wa jirani aliyekuwa na mtoto mgongoni. Wengine wakafuata. Walilala kifudifudi. Sauti ilipokwisha hawakutoka, kwa sababu zile ndege za mabomu za wakati wa vita zilikuwa zinarudi. Wengine walitoka jua lilipozama. Wanaona aibu kulisema. Mzee mmoja alisema hakukimbia, alianguka tu. Hakuna aliyembishia.

Nilirudi ndani na nakala yangu. Nikamwonyesha mwenyekiti mtaro, rangi zile. Nikasema hawa ndio watu. Akainamia, akatazama.

"Hizi ni nguo, ustaz."

Jana mimi mwenyewe niliona nguo.

Niliomba siku mbili nipige nyingine. Kalas, imekwisha, akasema, faili limefungwa.

Nimewahoji watu waliopigwa mabomu vitani. Nimenukuu ile sauti zaidi ya mara moja: nzito, unaisikia tumboni. Maneno yao. Nilikulia Nakuru, mbali na vita, mimi ile sauti sikuwahi kuikimbia. Kwa wiki tatu nilijenga kitu cha kuwatoa watu kwenye picha, na nilipima kila kipande isipokuwa sauti yake.

Alhamisi, 14 Oktoba

Sikuandika kitu kwa gazeti. Wasswa amepiga simu, sikupokea.

Jumatatu, 18 Oktoba

Tingatinga limeanza upande wa barabara. Litatufikia Jumatano.

Nimemwambia Shangazi aje akae kwangu. Amekataa. Chumba changu hakina ua, amesema, na mimi hulala na redio. Atarudi kwao Bor, kwa mpwa wake, kwa barji, chombo cha mizigo cha mtoni. Nimemwomba radhi. Alikuwa anakunja neti ya mbu. "Shika upande ule," akasema.

Jumatano, 20 Oktoba

Tumeng'oa mabati wenyewe, misumari tukaitunza kwenye kopo. Kuta tumeziacha. Lilipopita tingatinga hatukuwa na cha kutazama. Dereva alimsalimia Shangazi, naye akaitika.

Alhamisi, 21 Oktoba

Bandarini tangu asubuhi. Barji haijaondoka. Inapakia mtama na magodoro. Nahodha anasema kesho, labda kesho kutwa. Mabati ya Shangazi yamefungwa kamba, tumeyakalia. Mto umejaa, maji ni ya udongo, yanakwenda kasi.

Amenunua karanga, amenimegea nusu. Aliniuliza kama Nakuru bado kuna baridi, nikasema ndiyo.

Saa tisa amesema niende kazini, mvua inakuja.

Nimebaki.