Poleni na Moshi

Shangazi yangu Ezaru,

Hapa Mvara bado tunakutana kila Jumamosi saa tisa, klabu ile ile ya wazungumzaji uliyoniingiza kwa kunivuta mkono. Kiti chako amekikalia fundi baiskeli. Hatukukiacha wazi, wewe mwenyewe ungegomba.

Unakumbuka hotuba yangu ya kwanza? Nilisimama, nikakodolea macho karatasi, nikaanza moja kwa moja: "Mada yangu ni ufugaji wa nyuki." Ukapaza sauti mbele ya wote: "Candiru! Watu iko hapa! Salimia watu kwanza, nyuki itangoja!" Aibu niliyoiona! Njiani ulicheka mpaka ukakaa chini kando ya barabara. Nami nikakaa, nikacheka.

Basi sikia. Mwezi uliopita tulialikwa Koboko kwenye mashindano, na aliyechaguliwa kuzungumza ni mimi. Mimi, Shangazi! Katibu akanipa orodha ya wa kusalimiwa: mwenyekiti, mchungaji, shehe, walimu. Nikawataja wote, sikukosea cheo hata kimoja. Kisha nikawaona dirishani akina mama waliotupikia, miko mikononi, wanasikiliza. Hawakuwamo kwenye orodha. Nikaweka karatasi mezani, nikawageukia: "Na nyinyi mama zetu, poleni na moshi. Hamjambo?"

Vigelegele hivyo! Mmoja wao, Poni, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, akajibu kwa sauti iliyoshinda kipaza sauti: "Sisi iko muzuri, binti! Ongea, tunasikia!" Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Nami nikakutafuta kwa macho kati ya watu, nikiwa nimesahau kabisa kwamba tulishakuzika. Halafu nikaingia kwenye nyuki wangu.

Kengele ya muda ililia nikiwa bado kwenye mzinga wa kwanza. Sikushinda chochote. Mwamuzi aliandika: "Salamu ndefu mno." Nilicheka peke yangu garini mpaka nyumbani Arua, abiria wakanishangaa.

Jumamosi iliyopita Poni alifika Mvara kujiunga nasi. Anataka kusimulia jinsi alivyovuka mpaka na watoto watatu, lakini kila akisimama anashika ukuta, maneno yanamkimbia. Tunafanya mazoezi jikoni kwangu. Nakuahidi, Shangazi, nitakuwa naye hadi siku atakapoyasema yote bila kushika ukuta.

Pumzika. Nakupenda, na leo nimeamka na furaha.

Candiru wako