Mlima Si Ngwe, Mzee Kondo

Ndugu Mshauri,

Anayekuandikia ni Kondo wa Tindiga, mtu pekee katika Kilosa nzima aliyesimama juu ya Kilimanjaro, tena mara mbili, na hapo hapo ndipo ilipo shida yangu maana sijaukanyaga hata mara moja, mlima wenyewe nimeuona kwenye kalenda, ila nilipokuwa nawahadithia vijana wakati wa palizi kwenye shamba la ujamaa maneno yalinikolea, na sasa kijiji kinapeleka vijana kileleni kusherehekea miaka kumi ya Uhuru na mkutano mzima umenipigia makofi niwe kiongozi wao, mke wangu Mwamvua akacheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi, "Wewe, mzee mzima? Dungu la kuamia ndege kwenye mpunga unalipanda magoti yakigongana!"

Lakini kinachoninyima raha si Mwamvua, ni Telele, yule kijana wa wafugaji mwenye miguu mirefu, kawaambia wenzake, "Tutaupanda kama tunavyolima ngwe, wa kwanza kumaliza kipande chake ndiye wa kwanza kupumzika, Mzee atatukuta juu!" wote wakashangilia, ilhali dereva mmoja wa lori pale Mikumi, Mchaga, kaniambia mlima ule huwatapisha wenye nguvu zao na kuwalaza chini kama walevi. Nikikiri nitachekwa mpaka kwenye mazishi yangu, nikinyamaza nitarudi na mtoto wa watu kwenye machela. Nifanyeje?

Na usijisahaulishe, masika iliyopita basi lenu lilipokwama Mikumi nilikubeba mgongoni kwenye matope ili suruali yako isichafuke, ukaniahidi sweta. Naingoja.

Kondo, Tindiga

*

Shikamoo, Mzee Kondo. Heshima imekwisha, sasa sikiliza.

Kesho shambani, kabla jembe halijainuliwa, sema kweli. Watacheka. Waache, kicheko hakimlazi mtu kwenye machela. Kisha nenda nao, kwa sababu mwendo wako wa kobe wanaokuchekea ndio dawa yenyewe. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili wa mtu wa bondeni unataka siku kadhaa kuizoea. Anayekimbia ndiye anayeumwa, hata awe na kifua cha fahali.

Tafuteni mwenyeji wa mlima awaonyeshe njia, wewe umfuate, na asikupite mtu, Telele wa kwanza. Mwende mwendo wa kupiga soga. Anayeshindwa kusimulia, mpumzike. Wanywe maji yaliyochemshwa, wale hata kama hamu haipo. Gongo ibaki Tindiga. Mwenye homa kabla ya safari aende zahanati, asipande gari.

Mtu kichwa kikimuuma na tumbo likimchafuka, laleni hapo hapo, hakuna kupanda mpaka apone, akizidiwa, ashuke. Akiyumba, akikosa pumzi hali amekaa, au akianza kuropoka (kuropoka kuliko wewe, namaanisha), mshusheni saa ile ile, iwe usiku iwe mchana, na asishuke peke yake. Kilele hakihami.

Sweta nimeiacha kwa Regina, muuza chai pale Mikumi. Ni ya kijani, tena pana, maana mgongo wako naukumbuka. Ipeleke mlimani, safari hii ukasimulie ulichokiona.