Mashua ya Baba Yako Imelowa Ndani

Mwanangu Haji uliyeko Maskati,

Salamu nshakutumia kwa simu na hukuzijibu, basi leo nakuandikia, na wengine wasome pia, sioni haya. Mashua ya baba yako imelowa ndani ya mbao, na aliyeilowesha ni wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiipandisha pwani hapa Nungwi kila mwaka, baba yako akailaza ubavu? Mimi nikisokota pamba ya Darajani, yeye akiipigilia baina ya mbao, nawe ukipaka sifa, yale mafuta ya papa, umejiziba pua kwa kanga yangu. Ukanuka wiki nzima. Wenzako wa skuli wakakukimbia, ukaja kulia mapajani kwangu. Nikakwambia, "Nuka tu, baba. Ndiyo harufu inayomrudisha baba yako nyumbani." Ukacheka na kamasi zako.

Alipofariki, Mungu amrehemu, hata eda sijamaliza, ukaleta watu wakaivisha mashua faiba, lile gamba gumu la plastiki, ndani na nje, kama yai. Nami nimo ndani, mjane, pwani siwezi kushuka. Nikakuita mlangoni. "Haji, mbao hiyo imetoka majini juzi, haijakauka." Ukanijibu, "Mama, wewe kaa eda yako. Wageni hawapandi mashua inayonuka papa."

Iling'ara, sikatai. Wageni wakaipiga picha, nawe ukaenda zako, ukamwachia mdogo wako Makame usukani.

Mwaka huu Makame akaniambia mashua imekuwa nzito. "Inakwenda kama mja mzito, mama." Akaipandisha pwani, akamleta fundi wa mjini, kijana wa Malindi, na kidude cha mkononi cha kupimia unyevu. Nikamcheka. "Hiyo simu unampigia nani?"

"Nayapigia maji, Bi Mwaka. Tuone kama yatapokea."

Akakibandika juu, karibu na ukingo, kimya. Akashuka kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa, kikaanza kulia, na kikalia mpaka omo, kule mbele kabisa. Hata hivyo hakujigamba. Akasema, "Hiki kinaniambia kuna maji tu. Kama mbao imeoza hakijui. Niruhusu nitoboe." Nikamruhusu. Yakatoka maji meusi, yananuka, na keekee ikarudi na mbao laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Lile tundu nikalipekua, kidole changu kikazama. Mbao aliyoichagua baba yako kwa mkono wake, Haji, kidole cha kikongwe kimezama.

Tukakupa habari. Ukamtumia Makame sauti, nami niko pale nasikia: "Ziba hilo tundu, paka rangi, maliza msimu. Mama anapenda kulia."

Mimi ndiye ninayependa kulia. Wanao wanakula kwangu, ami yao ndiye anayewapeleka skuli, na huyo ndiye unayetaka asimame juu ya mbao iliyooza, amebeba watu wa watu, nje kwenye maji makubwa. Ikifunguka, utakuja kumzika? Baba yako ulikuja kumtazama mara ngapi alipokuwa kitandani?

Makame hawezi kukukatalia. Wewe ni mkubwa wake, na tulimlea akuheshimu. Rangi keshainunua, keshaikoroga. Nikamsubiri aende kuswali adhuhuri, nikachukua shoka la kuchanjia kuni, nikashuka pwani. Nimeipasua ubavu mwenyewe, mchana, watu wananitazama. Mmoja akaniuliza, "Bi Mwaka, una nini leo?" Nikainua shoka tena. Faiba yako ilikuwa ngumu. Mbao ya ndani haikunipa kazi yoyote. Nililia, sikufichi. Tundu nililoliacha mbuzi anapita, na hakuna rangi ya kuliziba.

Usimpigie mdogo wako ukamfokea. Wakikuuliza huko nani kaivunja mashua ya marehemu, waambie ni mkewe.

Kaa salama. Mlango wangu unaujua.

Mama yako,
bibi wa watoto uliowaacha Nungwi