Roboti Aliyesema Maneno ya Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye tamthilia ya roboti.

Mimi ni msusi, na kaka yangu ni mtafsiri wa picha katika banda la video lililoegemeana na saluni yangu, yaani picha ikionyeshwa yeye anakaa pembeni na kipaza sauti anawasemea wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake, hata mbwa akibweka Kaka ana lake la kusema. Mwaka jana alitutafsiria tamthilia ya chombo kilichopotelea huko kwenye nyota, mtaa mzima ukawa hauna habari nyingine, na aliyependwa kuliko nahodha na warembo wote wa humo ni roboti mmoja mfupi mwenye magurudumu ambaye watu walimbatiza Bi Mkubwa, kwa sababu hakuwa akimwogopa mtu. Nahodha akigongesha chombo kwenye kimondo, Bi Mkubwa anamwambia, "Hayo macho umewekewa urembo?" Asiposikilizwa anasema, "Haya, mimi nimenyamaza," na hanyamazi mpaka picha iishe. Banda linavunjika mbavu, na mimi upande wa pili wa ukuta, kichwa cha mteja mikononi, nasikia kila neno na kucheka peke yangu.

Sasa walioitengeneza, sijui nao kiliwavutia nini, wamemtolea Bi Mkubwa tamthilia yake mwenyewe. Tuliingoja hiyo! Kumbe chombo kimeondoka, roboti amesahaulika kwenye sayari tupu, yeye na mawe na upepo, na Kaka naye ambaye mdomo wake haujawahi kukauka anatuambia, "Roboti anatembea. Roboti ameona jiwe." Basi. Watu wanainuka katikati wanakwenda zao, na mwenye banda ameshamwambia asipochangamka atatafutwa mtafsiri mwingine.

Nikashikwa na udadisi, na mimi nikianza kujiuliza jambo hata mistari ya nywele inakwenda upande. Mteja mmoja alikuwa nayo ile ya kwanza kwenye simu, bila sauti ya Kaka, nikamwomba anionyeshe. Mshauri, yule roboti hasemi. Hajawahi kusema. Ni "pii, pii" mwanzo mpaka mwisho, nikabaki na kitana hewani. Kumbe maneno yote yale katia Kaka, na nilipoyarudia kichwani nikajua hata si ya Kaka mwenyewe, ni ya marehemu mama yetu, vilevile alivyokuwa akitugombeza, na mimi nimeyacheka mwaka mzima bila kumtambua mama yangu mzazi. Iliniuma, na hapohapo nikatamani kuyasikia tena yote.

Nikamfuata Kaka akiwa anakunja nyaya zake, nikamuuliza mbona safari hii hamsemeshi. Hakuinua uso.

"Maneno ya Mama yameniishia," akasema.

Hapo ndipo nilipokwama. Kaka alikwenda kutafuta kazi mji mwingine akarudi msibani, mimi ndiye niliyebaki na Mama akiugua mpaka mwisho, kwa hiyo ninayo mengi ambayo yeye hakuyasikia. Mama akidhani nimetoka alikuwa akiongea na masufuria, akiisuta redio, akikisihi kiti kisimwangushe, na kila jioni, hata akijua nimo ndani, akirudishia mlango alisema, "Sijakomea. Sukuma tu uingie." Nilichungulia mara nyingi, nje hakuna mtu, na mpaka leo najiuliza alikuwa akimwambia nani. Sasa nimpe Kaka maneno haya watu wakayachekee bandani? Naona wivu, nasema kweli, kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo. Na nisipompa, kazi inamponyoka huku naona. Nifanyeje?

Msusi Mdadisi

*

Msusi,

Pole kwa kufiwa. Sasa keti nikuseme kidogo.

Umeniandikia yote hayo, jibu umeliweka mwenyewe katikati ya barua, kisha umelipita kama hujaliona. Kaka yako hajaishiwa kipaji. Alimjua Mama mwenye watu wa kugombeza, na kile chombo kilijaa watu wanaostahili kugombezwa, ndiyo maana ilimnyookea. Huku roboti yuko peke yake. Kaka yako hajawahi kumsikia Mama akiwa peke yake, na angemsikiaje? Aliyemsikia ni wewe uliyekuwa unachungulia, na leo unakaa saluni kushangaa kwa nini kaka wa watu amekwama kwenye jiwe.

Unaogopa watamcheka Mama. Walimcheka mwaka mzima, wewe ukiwemo, na hakuna aliyemdharau. Walimpenda kuliko nahodha. Maneno yake unayaficha kama vyombo vya wageni, na wageni wenyewe huwaaliki. Wivu wako nauelewa, lakini ukimpa kaka yako neno la Mama, wewe hulipotezi. Mtakuwa wawili mnaolijua.

Usitarajie makubwa, lakini. Hiyo tamthilia nimeitazama na mimi, inachosha, na mawe yatabaki mawe.

Fanya hivi. Asubuhi, kabla hujafungua saluni, mkalishe kaka yako mbele ya picha bila kipaza sauti, na kila roboti akilia "pii", wewe sema alivyosema Mama kwa masufuria, kwa sauti yake uliyoisikia, usione haya. Mengine mtayacheka, hayo yaende bandani. Yale ya ugonjwani mtayajua wenyewe mkiyasikia, yabaki yenu.

Ila lile la mlango usilitoe mbele ya picha. Zima kila kitu, umwambie yeye tu. Unaniuliza Mama alikuwa akimwambia nani asukume aingie. Wewe ulikuwa ndani, mdogo wangu. Mtoto gani alikuwa nje? Nenda kamwambie.